Mnaokodi mashine za sprei ya ngozi mkizirudisha zimeganda uchafu, huu uzi ni wenu

Leo sisalimii mtu. Kama umewahi kukodi mashine ya sprei ya ngozi ya mtu, ile ya kumpulizia mteja rangi ya kahawia mwilini, hapa Nakuru, Naivasha, Kisumu ama Eldoret, ukafanya kazi yako ukalipwa, alafu ukaifunga kwa boksi na dawa, yaani ile rangi ya maji, ikiwa bado ndani ukairudisha hivyo hivyo na ujumbe wa "asante sana mrembo", basi kaa hapo usome juu ni wewe naongelea.

Na kabla mtu aingie hapa kuniuliza ati kwani nani anajipaka rangi Nakuru na sisi tumezaliwa tukiwa tumeiva, huo mzaha nimeusikia vya kutosha. Wateja wapo. Wengi ni wajenga mwili, na ndio, hata wale weusi tititi, kwa sababu taa za jukwaani zinakula rangi ya mtu mpaka mistari ya misuli haionekani, kwa hivyo anapigwa koti nzito ya rangi usiku wa kuamkia shoo na nyingine asubuhi. Alafu kuna maharusi wa kizungu wanaokuja kufungia ndoa kando ya ziwa Naivasha. Si kazi ya kila siku lakini ikija inalipa vizuri, na kwa vile wenye mashine ni wachache tunakodishiana. Ama tulikuwa tunakodishiana.

Madam mmoja wa Kisumu, jina siweki lakini yeye anajijua, alichukua yangu kwa ajili ya shoo ya wajenga mwili. Nilimpea kila kitu: tabo (ile mota ya kupuliza hewa), hosi, bunduki ya kupulizia na vikombe vyake vya dawa, hema la mteja kusimama ndani, feni ya kufyonza ukungu wa dawa, na ile transfoma nzito kwa sababu mashine ni ya Marekani ya volti 120 na stima yetu ni 240, ukiichomeka moja kwa moja kwa ukuta unaunguza mota hapo hapo. Nikamweleza na mdomo, nikamwandikia, nikamtumia na video ya kuosha. Akaniambia "usijali dada, mimi nimefanya hii kazi kitambo." Sawa.

Mzigo ukarudi na matatu. Boksi limelazwa kwa ubavu kutoka Kisumu, Kericho yote ile na kona zake, mpaka Nakuru, na kikombe kiko na dawa nusu! Nikafungua nikakaribishwa na harufu. Hiyo dawa ilikuwa imepanda na kale kabomba kadogo ka hewa ikaingia kwa valvu, ikateremka kwa hosi, ikakaukia huko. Kisumu na joto lile, dawa imekaa kwa kikombe sijui tangu lini, imeoza. Na hata sijapumua nasomewa meseji: "Dada hiyo mashine yako ni mbovu, ilikuwa inatema mate, imeniharibia mteja, nirudishie pesa yangu."

Nirudishe nini? Nkt.

Wacha niwafunze bure kwa sababu naona wengi mnashika bunduki na hamjui kilicho ndani yake. Ile dawa kazi yake inafanywa na kitu inaitwa DHA, na DHA ni sukari. Sukari kabisa. Inashikana na protini za ile ngozi ya juu iliyokufa, baada ya masaa kadhaa inageuka kahawia, ni kemia ile ile inayofanya mkate upate rangi kwa oveni, na inaisha kama wiki hivi ngozi ikibanduka yenyewe. Sasa sukari ikiachwa ikaukie kwa njia nyembamba ya chuma inafanya nini? Inakuwa gundi. Na dawa za jukwaani ni mbaya zaidi juu zimewekwa rangi ya papo hapo nyingi ndio mtu aonekane mweusi hata kabla DHA haijafanya kazi, hiyo rangi inaachana na maji inakaa chini kama tope. Ukiiacha usiku mmoja tu ile sindano ya ndani ya bunduki inashikana na nozeli, lile tundu la mbele, ukivuta trigga inakuja nusu, na hapo ndipo bunduki inaanza kutema matone makubwa badala ya ukungu, mteja anatoka na madoadoa mgongoni. Hiyo ndio "kutema mate" yenu. Mashine haikuzaliwa ikitema, ilifunzwa na nyinyi.

Tena hizi za tabo si kompresa ya kupiga gari rangi. Zinatoa hewa nyingi kwa presha ndogo, hazina nguvu ya kusukuma uchafu utoke. Hewa kidogo inapitia kabomba pembeni inaingia kwa kikombe inasukuma dawa juu, hiyo ndio siri yote. Kabomba kakiziba, ama mpira wa mdomo wa kikombe ukilegea, dawa haipandi hata uvute trigga mpaka kidole kife ganzi. Na nyinyi mkiona haipandi mnafanya nini? Mnajaza kikombe pomoni mnainamisha bunduki kichwa chini, dawa inaingia kwa njia ya hewa, alafu mnasema mashine ni ya kizamani.

Kuosha ni dakika chache, wallahi. Ukimaliza mteja wa mwisho unamwaga kilichobaki, usirudishe kwa chupa kwa sababu ulichomimina kimeshaguswa na hewa na mikono ya watu na ni sukari, vidudu vinapenda sukari kuliko watoto. Unaweka maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, unapiga hewani mpaka yatoke meupe, unarudia na maji matupu. Sasa unafungua kofia ya mbele, unavuta trigga ukiwa unafungua nozeli ndio sindano isikwaruzwe, unachomoa sindano, kila kitu kinapita mswaki laini pamoja na zile tundu ndogo za kofia, kabomba kanapulizwa, unaacha vikauke kwa taulo, ukirudisha unapaka mafuta kidogo sana kwa nyuzi za skrubu. Basi. Yaani muda unaotumia kujipiga picha na mjenga mwili ungeosha bunduki ukamaliza. Kwa maji ya mwisho mimi natumia yale ya kunywa, maji yetu ya visima hapa Nakuru mnayajua, yakikauka yanaacha unga mweupe na sitaki unga kwa nozeli yangu.

Lakini hapana, mtu anaona sindano imeshika anakimbilia thina. Thina! Madam wa Kisumu pia alijaribu kuosha kwa njia yake baada ya kuona mambo yameharibika, nilijua tu kwa sababu kikombe kimoja cha plastiki kilirudi na weupe ambao hautoki na zile ringi za raba zilikuwa zimevimba zimekuwa laini zinachubuka ukizigusa. Thina ni ya rangi ya gari, rangi ya gari haitoki na maji, hii dawa ni ya maji na inatoka na maji! Sijui ni fundi gani wa pale kando ya barabara alimshauri. Wengine wanatumia jiki inakula chuma. Na wale wa pini, woi, wale wa kuingiza pini ya nguo kwa tundu la nozeli ndio "kuizibua", nyinyi nawaombea. Hilo tundu limetobolewa kwa kipimo, ukilikwaruza likawa kubwa upande mmoja hiyo nozeli haitawahi kupiga ukungu ulionyooka tena, ni kutupa na kununua ingine. Na kununua wapi? Ringi za raba utapata kwa maduka ya spea ukibeba sampuli, lakini sindano na nozeli za saizi yake mimi naagiza nje, nangoja, nalipa ushuru, na kazi zinapita.

Mambo ya filta sasa. Tabo inavuta hewa kupitia kasponji, na kile chumba mnachopigia sprei kimejaa ukungu wa dawa, kwa hivyo kasponji kanakunywa hiyo dawa yote, kanakuwa kahawia, kanaganda. Januari na Februari hapa kwetu upepo na vumbi ndio usiseme. Filta ikiziba mota inapumua kwa shida, inachemka, presha inashuka, na wewe hapo unaongeza tu mwendo. Filta inaoshwa na maji ya sabuni na INAKAUSHWA KABISA kabla irudi, si mtu anaifinya kidogo anairudisha na maji yavutwe kwa mota. Na tabo yenyewe inapanguswa na kitambaa chenye unyevu, haioshwi. Nawaandikia hii kwa sababu kuna mtu, si wa Kisumu huyu ni wa hapa hapa, aliosha tabo kwa beseni. Nakuru tumekuwa jiji tangu 2021 na mtu anaosha mota kwa beseni.

Feni ya kufyonza ukungu pia iko na filta na hakuna mtu huikumbuka. Na hii si ya urembo. FDA, wale wa serikali ya Marekani wanaosimamia vyakula na dawa, iliruhusu DHA kwa kupaka nje ya mwili peke yake, si ya kuvutwa na pua, si ya macho, si ya midomo. Ndio maana mteja anapewa vizibo vya pua na kinga ya macho na mafuta ya midomo, na ndio maana feni lazima ivute. Filta ya feni yangu ilirudi imekuwa ngozi ya kiboko, hewa haipiti hata kidogo, kumaanisha wale vijana wote walisimama kwa hema wakivuta dawa kifuani, wakiwa hata hawajala vizuri kwa sababu ya dayati ya shoo. Madam ako sawa yeye, alilipwa.

Hema nisiongee sana. Lilikunjwa likiwa limelowa. Likaota ukungu. Msimu wa mvua sasa nalianika wapi.

Kinachoniuma si hata dawa, dawa ni pesa, pesa inatafutwa. Ni ile kiburi ya kuniambia mashine ni mbovu mbele ya watu kwa grupu la WhatsApp la warembaji, na wengine wanaunga "eeh hata mimi nilisikia mashine yake ina shida", wewe ulisikia wapi na hujawahi kuikodi? Hiyo mashine kabla itoke kwangu niliipima na maji mbele ya kijana wake aliyekuja kuichukua, ilipiga ukungu mwororo, video iko, nikitaka naiweka hapa.

Kwa hivyo kuanzia sasa kwangu ni hivi, na kama hupendi nunua yako. Unaacha dipositi ya bei ya bunduki nzima. Mashine inapimwa ikitoka na inapimwa ikirudi, na wewe ukiwa umesimama hapo. Ikirudi chafu nakata, ikirudi inanuka thina dipositi sahau. Na haisafiri na matatu bila mtu wa kuishika, sijali unatoka Kakamega ama Kisii.

Naongeza hapa chini juu mmeanza kuniuliza maswali kwa inbox:

Aliyeuliza kama siki inasaidia kwa dawa iliyoganda, maji ya moto kiasi na sabuni ndio ya kwanza, loweka zile vipande za chuma peke yake, kofia, nozeli, sindano, ziache zilainike zenyewe kabla upige mswaki. Usiloweke bunduki nzima, ndani iko na raba na springi. Na usivute sindano na koleo, ikipinda imeenda.

Aliyesema chupa yake imeanza kuwa kama kijani na inanuka vibaya, mwaga. Usimpulizie mtu hiyo kitu. DHA haipendi joto wala jua, weka mahali baridi na giza, na kama ilishinda kwa buti ya gari Kisumu mchana usiniulize kama iko sawa.

Aliyeniambia "dada punguza hasira ni mashine tu", mashine tu ni yako, yangu inalipa karo.

Na kwa madam mwenyewe, najua umesoma mpaka hapa kwa sababu naona umeshatoka kwa grupu. Sindano na nozeli nimeshaagiza, risiti nitakutumia. Lakini kwa ile boksi uliyorudisha transfoma haikuwemo. Mwenye matatu anasema alipewa boksi moja peke yake, kijana wako anasema alikuachia wewe. Hiyo kitu ni nzito, haiwezi kuanguka kwa mfuko mtu asijue. Mpee dereva mkononi, mwambie aiwache kwa mama wa M-Pesa pale steji ya Free Area hapa Nakuru, nitaichukua hapo. Kama ni kesho, sawa. Kama ni kesho kutwa hiyo video naiweka.