Maine Coon kwa ajili ya kufugwa ndani: dume au jike?

Swali
Nimeahidiwa paka mmoja wa aina ya Maine Coon, nami natakiwa kuchagua kati ya dume na jike waliozaliwa pamoja. Sina nia ya kuzalisha, na atakaa ndani muda wote. Wasiwasi wangu ni harufu ya mkojo na kazi ya kuchana manyoya. Je, jinsia hubadilisha lolote katika hayo?

Jibu la kwanza
Kwa kuwa huzalishi, tofauti nyingi utakazosimuliwa huisha au hupungua sana baada ya kuhasi. Dume asiyehasiwa hurusha mkojo wenye harufu kali ukutani na kwenye makochi ili kuweka alama, na jike asiyefungwa kizazi hulia usiku kucha kila anapotaka dume, huku hatari ya kupata usaha katika mji wa mimba ikiongezeka kadiri umri unavyosogea. Tofauti inayobaki ni umbo, kwani dume hufikia kilo 6 hadi 8, na jike kilo 4 hadi 6 hivi.

Jibu la pili
Kazi ya kuchana ni ileile kwa wote wawili. Manyoya hufungana nyuma ya masikio, kwapani na nyuma ya mapaja, na chanuo lisipofika kwenye ngozi, juu pataonekana laini ilhali chini pana fundo gumu linalomvuta paka kila anapopiga hatua. Dume asiyehasiwa huweza pia kutoa mafuta mengi kwenye shina la mkia, manyoya ya hapo yakawa na ukoko wa manjano.

Jibu la tatu
Jambo moja haliondolewi na kuhasi: mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba, na huziba kwa urahisi kuliko wa jike. Ukimwona akirudi mara kwa mara kwenye sanduku la mchanga, akijikamua bila mkojo kutoka, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, usingoje kesho. Aina hii ina pia ugonjwa wa kurithi wa kunenepa misuli ya moyo, ambao madume huelekea kuupata mapema zaidi. Kwa hiyo omba majibu ya vipimo vya moyo vya wazazi kabla ya kuchagua. Mimi ningeegemea kwa jike, isipokuwa kama dume ndiye anayekufuata mwenyewe na kutulia anaposhikwa.