Tuisheni ya hesabu kwa watoto wa msingi: ina lazima, au tunalazimishwa?

MamaRayyan (Mwanakwerekwe)
Assalamu alaykum. Mwanangu yuko darasa la tatu. Nimeitwa skuli, naambiwa hesabu zake dhaifu na bila ya tuisheni mtihani wa darasa la nne hatouweza. Anayeniambia ndiye anayemsomesha asubuhi, na jioni ndiye mwenye tuisheni yenyewe, shilingi mia tano kila siku. Mtoto mdogo vile hawezi kufaulu kwa alichosomeshwa skuli tu? Au walimu siku hizi wanasomesha nusu, nusu nyengine wanaiweka ya kuuza?

Mwl_Chake
Hayo maneno ya mwisho yamenichoma. Nasomesha hesabu la tano na la sita, mkondo wa asubuhi, na mwenzangu akiumwa nashika na wa mchana. Madaftari nasahihisha nyumbani usiku. Jumamosi nawaita watoto walio nyuma na sijapokea hata thumni. Mmoja akikosa uaminifu, mnatutukana sote?

JuuJangombe
Mwalimu, wewe hujatajwa. Lakini elimu bila ya malipo ilitangazwa baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, 1965 nadhani, ili mtoto wa mkulima asome sawa na wa bwana. Leo asiye na mia tano anabaki nyuma.

MzeeWete
1964, kijana. Septemba 23, Mzee Karume. Sisi tuliosoma miaka ile tuisheni hatukuijua. Jedwali la kuzidisha ulilihifadhi mpaka la kumi na mbili, ukikosea bakora. Mtoto wa leo anatoka skuli mchana, anakula, anakwenda chuo cha Kurani mpaka magharibi. Muda wa kukaa na hesabu uko wapi? Punguzeni saa za chuo, muone kama tuisheni itapata wateja.

BintMakunduchi
Shikamoo mzee wangu, lakini chuo kimeingiaje hapa? Mtoto aliyehifadhi juzuu tatu jedwali la kuzidisha litamshinda? Wanangu wote wamepita chuoni na hesabu wamefaulu. Ustadhi anasomesha kwa sadaka, hakuna anayemlipa mia tano, halafu yeye ndiye anabebeshwa lawama!

MzeeWete
Marahaba. Soma vizuri nilichoandika. Sijasema chuo kifutwe, nimesema saa.

BintMakunduchi
Saa zipi? Baada ya chuo mtoto anakaa na katuni mpaka saa tatu usiku. Hizo huzioni?

KarafuuKonde
Hizo saa mnazogombania mnazo nyie wa mjini. Huku msimu ukifika mtoto hayuko skuli wala chuoni, yuko juu ya mkarafuu au anachambua na mama yake. Tuisheni ya mia tano inatoka kwenye karafuu hizo hizo. Mjadala huu ni wa watu wenye nafasi.

JuuJangombe
Mie lawama zangu nazipeleka kwenye ile sera ya 2006, iliyotaka hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mdogo wangu la nne alikuwa wa kwanza. La tano akawa hata swali halijui linataka nini. Alipopelekwa tuisheni kazi ilikuwa kutafsiriwa tu, hesabu zenyewe alikuwa anazijua. Wenzetu wa Bara skuli za serikali msingi wanasoma kwa Kiswahili.

BintMakunduchi
Mzee wa Wete, la katuni bado hujanijibu.

MamaRayyan (Mwanakwerekwe)
Jamani, chuo mwanangu anakwenda na ataendelea kwenda. Nisaidieni kwa hili: dada yake wa darasa la tano tuisheni anakwenda tangu mwaka jana. Jana nimempa 10 − 4 + 3, kaandika 3. Ananiambia kwa MAGAZIJUTO jumlisha inatangulia toa, ndivyo alivyosomeshwa huko. Mie napata 9.

KarafuuKonde
Mtoto yuko sawa. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Nne na tatu saba, kumi toa saba, tatu.

JuuJangombe
Tisa! Una elfu kumi, umetumia elfu nne, mtu kakupa elfu tatu. Utabaki na elfu tatu?

KarafuuKonde
Hizo za dukani, hapa tunasema za mtihani. Kwa hiyo walimu wetu wote huku walikuwa hawajui? Dharau hizi kwa Wapemba tumezizoea.

JuuJangombe
Pemba nimeitaja wapi ndugu yangu?

Mwl_Chake
Mie Mpemba, na jibu ni 9. Gawanya na zidisha zina daraja moja, jumlisha na toa zina daraja moja. Zikikutana za daraja moja unakwenda kushoto kuja kulia, inayotangulia ifanywe kwanza. Herufi za MAGAZIJUTO peke yake hazikwambii hilo, lazima mwalimu aseme. Mama Rayyan, mtoto wako hakosi tuisheni, anakosa mtu wa kumuonesha hili ubaoni. Ni dakika kumi.

MamaRayyan (Mwanakwerekwe)
Dakika kumi kwa watoto wangapi, mwalimu? Darasani kwake wako tisini na kitu na nusu yao wanakaa chini. Mwanangu akinyoosha mkono nani anamuona?