Mjadala: Je, albamu ya pili ya Billie Eilish ilipoa, au tumezoea vishindo?

Mtoa mada, Lamu:
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Kila vijana wetu wanapomzungumzia Billie Eilish, mwimbaji wa Marekani, hukumu juu ya albamu yake ya pili, Happier Than Ever, iliyotoka Julai 2021, huwa ni ile ile: kwamba imepoa, haichezeki, na kwamba binti huyu aliyezaliwa Desemba 2001 alifika kileleni mapema mno. Wahakiki wengi wa Marekani na Uingereza waliisifu, lakini hata miongoni mwao walikuwamo waliolalamika kuwa ni ndefu na ya polepole. Mimi nashikilia kuwa upole huo umekusudiwa, na anayeuona kuwa ni udhaifu anaipima albamu hii kwa mizani ya ile iliyotangulia.

Albamu ya kwanza, aliyoitengeneza pamoja na kaka yake Finneas katika chumba cha kulala nyumbani kwa wazazi wao, Los Angeles, ilisimama juu ya besi nzito, na Januari 2020 akanyakua tuzo zote nne kuu za Grammy kwa usiku mmoja. Angeweza kuyarudia yale yale na asilaumiwe. Badala yake alichagua gitaa tupu, mahadhi ya bossa nova, yaani muziki laini wa Brazil, na sauti ya kunong'ona, akaimba juu ya kuandamwa na watu asiowajua, mwili wake kujadiliwa hadharani, na watu wenye uwezo wanaowadhulumu wasichana wadogo.

Usikilizeni wimbo unaobeba jina la albamu. Unaanza kwa gitaa la taratibu na sauti hafifu, kana kwamba inatoka kwenye redio kuukuu, naye anamweleza mpenzi wake kuwa ana furaha zaidi wakiwa mbalimbali. Ukifika katikati, gitaa la umeme na ngoma huingia na kupanda hadi sauti zinakwaruza, naye anapiga ukelele. Wimbo huo umewekwa wa 15 kati ya nyimbo 16, na ukelele ule usingekuwa na uzito lau asingejizuia tangu mwanzo. Sisi tuliolelewa kwa udi wa mwimbaji wa tarabu Zein l'Abdin, mwana wa Lamu hii, tunajua kuwa mwimbaji anaweza kutulia na bado akamchoma msikilizaji.

Mchangiaji, Malindi:
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Wimbo huo siupingi hata kidogo, lakini umeutumia kuisamehe albamu nzima. "Not My Responsibility" ni maneno ya kusemwa yaliyokwisha kutolewa kama filamu fupi mwaka 2020. Kuyarudisha hapa kunakata mwendo wa albamu. Nyimbo kadhaa za katikati zina kasi moja na sauti moja, kiasi kwamba msikilizaji hatofautishi kujizuia na kuchoka. Mwaka 2022 aliteuliwa mara 7 kwenye Grammy na hakupata hata tuzo moja. Na mfano wa Zein, uniwie radhi, haukai: katika tarabu utulivu hubebwa na shairi lenye mafumbo, ilhali huyu binti anasema kila kitu waziwazi, hakuna la kufumbua.

Mtoa mada, Lamu:
Tuzo tuziweke kando, maana tukizikubali za 2022 itatubidi tuzikubali na zile za 2020. Kuhusu maneno ya kusemwa, nakubaliana nawe. Hata mimi ningeyaacha nje. Lakini kuhusu mafumbo, ni kweli maneno yako wazi; kinachofichwa ni mdundo. "Goldwing" inafungua kwa sauti za kwaya, zikiimba mistari ya mtunzi Mwingereza Gustav Holst, na ghafla inageuka kuwa ngoma. Hiyo iko karibu na katikati, pale unapoona kasi moja. Basi nitajie, ndugu yangu, ni wimbo gani ungeutoa kati ya zile za kabla ya ule wa 15 bila kuupunguzia nguvu.