Naomba ushauri: niache kazi au nisubiri nithibitishwe?

Ndugu zangu wauguzi na wakunga, poleni na majukumu.

Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, nimeajiriwa serikalini na nina miezi 7 katika zahanati moja ya kijijini, hivyo bado nipo ndani ya miezi 12 ya majaribio. Tuko wauguzi wawili tu, na usiku kila mmoja hushika zamu peke yake. Mwezi uliopita nilikuwa na wazazi wawili kwa wakati mmoja: wa kwanza alianza kutokwa na damu nyingi mara baada ya kondo kutoka, nikamtundikia dripu ya oksitosini (dawa ya kukaza mji wa mimba ili damu ikate) na kumsugua mji wa mimba kwa mkono mmoja, huku simu ya kuita gari la wagonjwa nimeibana begani, na mwenzake akiniita kwamba mtoto anakuja. Wote walipona, namshukuru Mungu, lakini tangu usiku ule silali vizuri, na kila nikivaa sare mikono hunitetemeka.

Nimemweleza mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati yetu, ambaye kwa kweli ni msikivu, naye ameandika barua wilayani kuomba mtumishi wa tatu, majibu bado. Kazi yenyewe naipenda, na kuwaacha akina mama wale kunaniuma.

Naomba kuuliza: je, nikiacha kazi kabla ya kuthibitishwa, nitazuiwa kuajiriwa tena serikalini? Na kwa aliyewahi kuomba uhamisho akiwa bado kwenye majaribio, ulianzia kwa nani?

Natanguliza shukrani.