Barbados au Jamaika? Naenda peke yangu, nataka kulipa leo usiku

NesiWaUsiku:
Wakuu, shikamooni. Jana msimamizi kaniambia nina siku tisa za likizo, nisipozichukua zinapotea. Nikajifungia chooni hapohapo kazini nikaanza kuangalia tiketi. Nataka kisiwa cha Karibiani, peke yangu, bila ndugu, bila mizigo ya kupelekea mtu. Nimebaki na Barbados na Jamaika. Kipi? Nataka kulipa kabla akili haijarudi.

Kibandiko:
Pasi ya nchi gani? Unatokea wapi? Mwezi gani? Una hela kiasi gani? Dada, umekuja dukani ukauliza "bei gani" bila kuonyesha kitu.

MzeeWaLeicester:
Jamaika, usiumize kichwa. Barbados wamejaa wazee wa Kiingereza na kriketi yao. Nenda Blue Mountain Peak, mita 2,256, mnaanza kupanda saa nane za usiku ili jua liwakute kileleni. Kisha shuka Boston Bay ule kuku wa jerk, wa viungo vikali vya kwao, aliyechomwa juu ya magogo ya mpimento. Utanikumbuka.

NesiWaUsiku:
Marahaba zangu ziko wapi jamani 😂 Haya: pasi ya Tanzania, naishi Birmingham, naondoka 14 Septemba, usiku saba. Pauni 1,300 kila kitu.

Kibandiko:
Septemba! Ndiyo ungesema mwanzo. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba na katikati ya Septemba ndiyo kilele chake. Barbados imejitenga mashariki, vingi huipita kando, lakini Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita kusini yake tu na mashua za wavuvi Bridgetown, mji mkuu, zikavunjika. Carriacou, kule Grenada, nyumba nyingi ziliezuliwa. Kata bima mapema. Kimbunga kikishapewa jina, bima utakayonunua baada ya hapo haikulipi kwa hicho.

Mnyalu88:
Curaçao. Vimbunga ni nadra kule.

Kibandiko:
Huko aangalie kwanza suala la viza kabla ya tarehe 14. Barbados na Jamaika Mtanzania anaingia bila viza.

BintiKisauni:
Dada, soma hii kabla hujalipa. Mwaka juzi nilipata tiketi rahisi ya Barbados, inapitia Miami. Nimesuka, nimenunua kofia, nimefunga na chapati mbili za njiani. Kaunta, yule dada anafungua pasi yangu ya Kenya, anaifunga, anaifungua tena. "Viza ya Marekani?" Namwambia mimi siendi Marekani, nabadilisha ndege tu, nakaa muda wa saa tatu. Anasema Marekani hakuna cha kubadilisha tu, hata ukikaa dakika kumi lazima uwe na viza. Nikabishana mpaka waliokuwa nyuma yangu wakahamia foleni nyingine. Tiketi hairudishiwi hela. Nilikaa juu ya sanduku langu pale uwanjani nikala zile chapati moja baada ya nyingine huku machozi yananitoka, na kofia sijaivua.

Safari ya pili nilipanda ya moja kwa moja kutoka Gatwick. Uhamiaji Bridgetown waliniuliza tiketi ya kurudi na nafikia wapi, gonga muhuri, karibu. Na suruali ya mabaka ya jeshi iache nyumbani, kule raia kuivaa ni kosa.

MtotoWaMikindani:
Mimi ni Barbados. Kuna vipanya wanaviita ZR, muziki mpaka kiti kinatetemeka, konda anambana mtu wa nne kwenye kiti cha watatu. Nauli dola 3.50 zao, na dola zao mbili ni moja ya Marekani. Ijumaa shuka Oistins, samaki wa kuchoma, mnakaa mabenchi ya pamoja, hata uwe peke yako utapata wa kuongea naye. Ila ufukweni ukiona mti umepakwa mstari mwekundu shinani, usijikinge mvua chini yake. Maji yanayodondoka yanababua ngozi. Na chakula hutasumbuka, cou-cou yao ni ugali kabisa, umesongwa na bamia.

MzeeWaLeicester:
Ugali na bamia ndani? Huo si ugali. Bamia ni mboga, inakaa pembeni.

MtotoWaMikindani:
Mzee wangu, unga wa mahindi, maji ya moto, mwiko. Niambie kilichopungua.

Mnyalu88:
Kwetu Iringa ukiweka bamia kwenye ugali unaitiwa wazee.

Fundi_Sanifu:
Kwani Nungwi imefungwa? Pauni 1,300 unakaa kama bibi harusi.

NesiWaUsiku:
Nungwi nitakutana na shangazi siku ya kwanza, kaka. Nimefika ukurasa wa kulipa. Nilipoanza kusoma hapa ilikuwa 612, sasa inasema 648.

Kibandiko:
Inapitia wapi hiyo?

BintiKisauni:
Dada? Inapitia wapi?

MzeeWaLeicester:
Hiyo bamia wanaikatakata au wanaitia nzima?