Wauza jinzi, saizi kubwa SIO ndefu! Sisi warefu tuvae nini?

Wakuu, nimetoka Kariakoo sasa hivi, miguu inawaka moto na mkononi sina kitu. Acheni niseme.

Nina futi 6. Mtaa mzima wimbo ni mmoja: "Njoo dada, za kiuno cha juu zipo, saizi zote zipo." Najibana nyuma ya pazia, navaa. Pindo linaishia juu ya kifundo, na hicho kiuno cha juu kimekwama vidole vitatu chini ya kitovu. Nikichuchumaa, nyuma kote nje. Namwambia kijana ni fupi, ananiletea saizi 36. Jamani, 36 ni upana! Mimi kiuno changu 30. Humo ndani tungeingia mimi na yeye, na mguu bado mfupi vilevile. "Piga mkanda mrembo, hiyo inavutika." Inavutika kwenda wapi? Jinzi inavutika kwa upana, mguu hauongezeki hata nukta.

Mitumba angalau lebo inasema ukweli. L34 ni inchi 34 kutoka msambani hadi pindoni, kama sentimita 86. Mimi nataka L36. Nikiipata, ni ya kiume: mguu umetimia, nyonga zimebanwa, na kiuno kwa nyuma kinapwaya ngumi inaingia.

Halafu watu wanadhani shida ni miguu tu. Urefu wangu uko hadi kiwiliwili. Kutoka msamba hadi kifungo wanakata sentimita 25, kwa mwenzangu mfupi inafika kitovuni, kwangu inaishia nyongani, halafu naambiwa "hii ndiyo kiuno cha juu." Cha nani?

Wa mtandaoni ndio wamenimaliza kabisa. Nilimwomba dada mmoja kitu kimoja, achukue futi kamba apime mguu wa ndani. Akanijibu "ni ndefu mpenzi, usijali" na vikopa viwili. Nikatuma 45,000, hela ya boda juu yangu. Nimeivaa, mdogo wangu ananiuliza kama huko nje kuna mafuriko. Kurudisha? "Mzigo ukitoka haurudi, mpenzi." Bado mimi ni mpenzi!

Nikampelekea fundi afumue pindo. Tumepata vidole viwili, na ule mstari mweupe wa mkunjo wa zamani umezunguka mguu kama chaki. Nimefua mara nne, upo palepale.

Sasa wale wa "vaa sketi" na "vaa dera", piteni kushoto, madera nayo yananiishia kwenye muundi. Ninachotaka ni fundi wa Dar anayejua kukata jinzi ya kike kuanzia kitambaa, apime msamba kabla hajashika mkasi. Kitambaa nitanunua mwenyewe. Mwenye namba aje PM, na tafadhali asiwe yule atakayeniambia Ijumaa halafu niifuate Krismasi.