Mashine ya zamani ya espreso: kikombe cha kwanza kichachu, cha pili kichungu

Mrithi wa Mashine
Salaam kwenu nyote. Mjomba wangu ameniachia mashine ya espreso ya nyumbani yenye umri wa zaidi ya miaka 20. Ina boila moja (tangi la kupashia maji moto), swichi tatu na taa mbili, lakini haina kipimo cha joto wala cha shinikizo. Kila mara naweka gramu 18 za kahawa, naishindilia na kuwasha pampu, na bado vikombe havifanani: cha kwanza cha asubuhi huwa kichachu hadi nakunja uso, na cha pili, ninachokitengeneza mara tu baada ya kuchemsha maziwa kwa mvuke, huwa kichungu kana kwamba kahawa imeungua. Aidha, maji huvuja pembeni mwa mpini, ule unaoshika kikapu cha kahawa. Rafiki yangu anasema mashine imechoka na niitupe. Je, ni kweli, au mimi ndiye sijaijua?

Saga Taratibu
Ndugu, tatizo la ladha ni joto. Espreso hutaka maji ya takriban nyuzi 90 hadi 96 za Selsiasi, ilhali thamostati ya mashine kama yako huwasha hita boila inapopoa na kuizima inapopata moto, na baina ya nyakati hizo mbili joto hupanda na kushuka kwa nyuzi nyingi. Asubuhi taa hukuambia maji yako tayari baada ya dakika chache tu, nayo husema kweli kuhusu maji. Haijui lolote kuhusu chuma cha kichwa, yaani pale mpini unapofungwa, na cha mpini wenyewe, ambacho bado ni baridi na hunyonya joto kabla maji hayajaifikia kahawa. Baada ya mvuke mambo hugeuka, kwa sababu boila imeshapita nyuzi 100.

Washa mashine nusu saa kabla, mpini ukiwa umefungwa mahali pake. Kisha mwaga maji hadi hita iwake, subiri izime, hesabu idadi ileile ya sekunde kila siku, ndipo uanze. (Chunguza kwanza taa yako: katika baadhi ya mashine kuwaka kwake ni dalili kwamba hita inafanya kazi, na katika nyingine ni dalili kwamba maji yako tayari.) Ukishatumia mvuke, mwaga maji mpaka yaache kutoka kwa kishindo na mvuke, yatiririke kwa utulivu.

Kinu Kwanza
Nakubaliana na mwenzangu, ila muulizaji hajatuambia kahawa yake inasagwa na nini. Kama ananunua iliyokwisha kusagwa, kuhesabu sekunde za thamostati hakutamsaidia sana, kwani mara nyingi kahawa hiyo ni nene mno kwa espreso na maji huipita mbio. Kinu chenye meno yanayorekebishika kina umuhimu kuliko mashine yenyewe; kile cha kisu kinachozunguka huchanganya vumbi na mapande.

Pindua pia kikapu cha kahawa na ukitazame chini. Kikiwa na tundu moja dogo tu, ni kikapu cha kuta mbili, ambacho hutengeneza povu kwa nguvu hata kahawa ikiwa mbovu, hivyo povu zuri lisikudanganye. Tafuta cha ukuta mmoja. Halafu weka kikombe juu ya mizani: gramu 18 zitoe takriban gramu 36 za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30. Ikitoka haraka, saga laini zaidi, na usibadilishe kitu kingine chochote siku hiyo.

Fundi Mstaafu
Mimi ningeanza na usafi. Uvujaji huo ni wa mpira wa duara ulio ndani ya kichwa, ambao hukauka na kuwa mgumu kwa sababu ya joto la miaka mingi. Ni kipuri cha kawaida. Chukua vipimo vya ule wa zamani kabla ya kununua. Unapoutoa, fungua pia kile kichujio kinachonyunyiza maji, ukisugue, maana mafuta ya kahawa yaliyooza huleta uchungu ambao hakuna kinu kitakachouondoa.

Ondoa ukoko wa chokaa kwa asidi ya sitriki iliyoyeyushwa katika maji, kisha suuza kwa matangi kadhaa ya maji safi. Boila ikiwa ya alumini, usilaze asidi humo usiku kucha. Na usizibe kikapu ili kusukuma dawa ya kusafishia kinyumenyume kama mashine haina vali ya njia tatu, ile inayomwaga shinikizo kwenye trei pampu inapozimwa.

Mrithi wa Mashine
Nawashukuru, wakuu. Mpira ulitoka vipandevipande, nikalazimika kuuchokoa kwa bisibisi, na kile kichujio kilikuwa cheusi kabisa. Kikapu kweli kilikuwa cha tundu moja. Nimeazima kinu cha meno, na leo nimepata gramu 36 kwa sekunde 41. Uchachu umeondoka, ingawa uchungu kidogo umebaki.

Kinu Kwanza
Sogeza kinu hatua moja kuelekea unene, gramu zibaki 18, na utupe kahawa ya kwanza itakayotoka, kwa kuwa ndani ya meno bado mna masalia ya usagaji wa jana.